Kwetu ni ya Krismasi, kwao ni ya Jumanne

IWAPO ulilelewa Homa Bay, Migori au kwingineko katika iliyokuwa wilaya ya South Nyanza, huna haja ya kufunzwa chapati ni nini. Unaikumbuka kwa harufu. Mkesha wa Krismasi, harufu ya mafuta ilipoanza kutoka jikoni, hakuna mtoto aliyehitaji kuitwa mara ya pili. Hata wale waliokuwa wametumwa maji walirudi mbio, nusu ya maji yakimwagika njiani.

Kwetu chapati zilihesabiwa. Mama alizipanga kwenye sufuria, akazifunika kwa kitambaa safi, kisha akakaa karibu nazo kama askari wa benki. Watoto mbilimbili, baba nne, na za wageni ziliwekwa kando hata kama hapakuonekana mgeni yeyote njiani.

"Mama, niongeze moja tu," nilimsihi mwaka mmoja.

"Ya kuongeza itakuja na Krismasi ijayo," alinijibu, wala hakucheka.

Basi msomaji, fikiria mshangao wangu miaka mingi baadaye nilipokuwa mwanafunzi wa chuo jijini Nairobi. Rafiki yangu mmoja wa darasani, Mkenya wa asili ya Kipunjabi, alinialika kwao kwa chakula cha jioni. Mezani palikuwa na bakuli la ndengu, mboga za majani, maziwa ya mtindi na rundo la mikate myembamba iliyofungwa kwa kitambaa. Kwa mazoea ya nyumbani nilichukua miwili, nikatulia. Nyanya yake akaniongeza wa tatu. Kisha wa nne. Nikaona ni adabu niulize kulikuwa na sherehe gani.

"Hakuna sherehe, mwanangu," mama mzee yule alinijibu. "Leo ni Jumanne."

Tangu jioni ile nimekuwa nikijiuliza: ilikuwaje mkate wa Jumanne wa watu wengine ukawa mkate wetu wa Krismasi? Na je, familia ya mjini yenye watoto wanne na mshahara mmoja inaweza kujifunza nini kutoka kwa meza ya nyanya yule?

Ulikuja na reli

Punjab ni eneo la wakulima kaskazini mwa Bara Hindi. Jina lenyewe limetokana na maneno mawili ya Kiajemi: panj, yaani tano, na ab, yaani maji. Ni nchi ya mito mitano. Tangu mwaka wa 1947 imegawanyika, sehemu moja ikiwa India na nyingine Pakistan. Wapunjabi wako Masingasinga, Wahindu na Waislamu, na kila dini ina miiko yake ya chakula. Hata hivyo, mkate ulio mezani kwao ni ule ule. Ngano ndiyo tegemeo lao, kama ugali ulivyo kwetu.

Waingereza walipoanza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka wa 1896, waliwaleta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao wakiwa ni watu wa Punjab. Kazi ilikuwa ngumu mno. Karibu watu 2,500 kati yao walipoteza maisha. Reli ilifika ziwani Kisumu, mji ulioitwa Port Florence wakati huo, mwezi Desemba mwaka wa 1901. Mikataba ilipokwisha wengi walirudi makwao, lakini wapatao 6,700 waliamua kubaki Afrika Mashariki.

Kutoka Kisumu, meli za ziwani zilifungua Kendu Bay na Homa Bay kwa biashara. Wahindi wakafuata, wakajenga maduka ya mabati yenye veranda mbele na makao ya familia nyuma. Wenye maduka wengi walikuwa Wagujarati. Wapunjabi walijulikana zaidi kwa ufundi wa mbao, mawe, magari na mitambo. Ndio hao Masingasinga ambao wengi wetu tuliwajua kwa jina la Makalasinga. Ukitaka kujua jinsi Kenya nzima ilivyowavulia kofia kwa upande wa magari, mkumbuke Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda Safari Rally mara tatu: 1965, 1974 na 1976.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka wa 1967 iliwabana wafanyabiashara wasiokuwa raia, hasa katika miji midogo. Wengi walifunga maduka, wakahamia miji mikubwa au Uingereza. Majengo yao yakapata wenyewe wapya. Lakini mkate wao haukufunga virago.

Mlango wa nyuma

Ulihamaje kutoka jikoni mwao hadi jikoni mwetu? Njia zilikuwa nyingi, na mojawapo naijua kwa sababu ilipitia ukoo wetu. Ndugu mdogo wa babu yangu, ambaye pia tulimwita Babu, aliajiriwa miaka ya hamsini katika nyumba ya fundi mmoja wa Kipunjabi mjini Homa Bay. Alianza kwa kuchota maji na kupasua kuni. Mwishowe akakabidhiwa unga.

Babu alikanda mikate ya nyumba ile kwa miaka kadhaa, lakini hata siku moja hakuketi kuila mezani. Chake alikula nje, kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Vivyo hivyo, tajiri wake hakuwahi kufika kwa Babu kula kuon na samaki. Ndivyo mji ulivyokuwa nyakati za ukoloni. Watu waliuziana chumvi na sabuni kila siku lakini hawakujua sufuria ya jirani ina nini.

Tulipomuuliza alipata nini kwa miaka ile yote, Babu alitunyoshea viganja vyake.

"Nilitoka na hii mikono," alisema. "Mikono haisahau."

Alimfunza mkewe, naye mkewe akawafunza mashemeji, na hao wakawafunza binti zao. Mikahawa ya stesheni za reli na vituo vya mabasi nayo ikafanya kazi yake. Siku hizi ukishuka Rongo, Migori mjini au Isebania mpakani, utapata makanga, mwalimu na mwanafunzi wakila chapati na maharagwe kwenye benchi moja. Majirani zetu wa Uganda wameizungushia mayai wakaiita rolex.

Chapati yetu kumbe ni parotha

Hapa ndipo wengi wetu tunapojichanganya. Hebu kumbuka jinsi mama anavyofanya. Anasukuma donge, analipaka mafuta, analikunja, analiviringisha kama konokono, analipumzisha, analisukuma tena, kisha analikaanga kwa mafuta. Mpunjabi akiuona mkate huo ataujua mara moja, lakini hatauita chapati. Atauita parotha, yaani mkate wa matabaka. Kwao parotha ni kiamsha kinywa kizito, na mara nyingi hutiwa ndani viazi vilivyopondwa, koliflawa au figili.

Chapati yao ya kila siku, ambayo pia huitwa roti au phulka, ni kitu kingine kabisa. Haina ila unga wa ngano usiokobolewa, maji na chumvi kidogo, na wengine hata chumvi hawatii. Huiva juu ya tawa kavu lisilo na tone la mafuta, kisha huwekwa juu ya moto wenyewe hadi ivimbe kama puto. Ikiisha kutoka motoni ndipo hupakwa samli kidogo.

Mkate wa naan unaouona katika mikahawa ya kifahari ni wa aina ya tatu. Huo hutiwa hamira na kubandikwa ukutani mwa tanuri la udongo liitwalo tandoor. Msomaji mwenye masikio makali ameshatambua kwamba tandoor na tanuri ni maneno ya ukoo mmoja.

Sasa ipime tofauti hiyo kwa mfuko wako. Kinachofanya chapati zetu zingoje Krismasi si ngano peke yake. Ni mafuta, ni makaa ya kuzikaanga moja moja, na ni mgongo wa mama anayezisukuma mara mbili tangu adhuhuri. Roti ya kawaida huondoa karibu mafuta yote na nusu ya kazi. Aidha, unga usiokobolewa huwa na makapi yake, kwa hivyo hushibisha zaidi na husaidia tumbo kufanya kazi vizuri.

Jinsi ya kupika roti

Chukua vikombe viwili vya unga wa ata, ule wa rangi ya kahawia. Tia chumvi nusu kijiko cha chai. Ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, jumla yake kama robo tatu ya kikombe, huku ukikanda. Endelea kukanda kwa dakika kumi hadi donge liwe laini kama ncha ya sikio. Lifunike kwa kitambaa kibichi, ulipumzishe nusu saa. Usiruke hatua hii, kwani unga usiopumzika hutoa mkate mgumu.

Gawa donge katika viduara vinane au tisa vya ukubwa wa ndimu. Sukuma kila kimoja kiwe chembamba na sawa pande zote. Pasha tawa hadi liwe moto sana, uweke mkate bila mafuta. Ukiona vilengelenge vidogo, geuza. Upande wa pili ukipata madoa ya hudhurungi, uondoe kwa koleo na uuweke juu ya makaa yasiyo na moshi kwa sekunde chache tu. Utaona unavimba wenyewe. Ukikataa kuvimba usife moyo. Huenda hukuusukuma sawa, au tawa halikuwa moto vya kutosha. Utalika vile vile.

Ziweke zikiwa zimefungwa kwa kitambaa ili zisikauke. Hiyo ndiyo siri ya rundo lile nililoliona Nairobi.

Mahindi, mboga na sukari nguru

Labda utasema, "Huku kwetu hatulimi ngano." Kweli, Migori na Homa Bay ni nchi ya mahindi, mtama na mihogo. Lakini hata hapo Wapunjabi wana jibu. Majira ya baridi, wakulima wa Punjab hula mkate wa mahindi uitwao makki di roti. Mahindi hayo si ya kwao wala si ya kwetu. Yalitoka bara la Amerika, yakawafikia wao na sisi.

Unga wa mahindi haunati kama wa ngano, kwa hivyo hauwezi kusukumwa kwa kifimbo. Ukande kwa maji ya moto hadi ushikane, kisha uupige kwa viganja juu ya jani la mgomba ulilolipaka maji. Pindua jani juu ya tawa, ulibandue polepole. Pika kwa moto wa wastani ili ndani kuive kabla ya nje kuungua. Mtoto aliyechoshwa na ugali atakula mkate huo bila kujua kwamba ni unga ule ule.

Mkate huo huliwa na saag, mboga ya majani ya haradali. Sikiliza inavyopikwa, kisha uniambie kama hujawahi kuiona. Majani makali huchanganywa na mengine yaliyo mapole kama spinachi. Huchemshwa polepole kwa muda mrefu, hupondwa, na hutiwa unga kidogo wa mahindi ili yawe mazito. Mwishowe vitunguu, saumu na tangawizi hukaangwa kwa samli na kumwagwa juu.

Je, mama wa Kijaluo anapochanganya osuga au dek na majani ya kunde ili kupunguza uchungu, akatia maziwa na kuacha chungu kitokote polepole, leo na hata kesho, amefanya tofauti gani? Mmoja ametia samli, mwingine maziwa, na yote yametoka kwa ng'ombe. Hata sukuma wiki yetu ya kila siku ni ya ukoo mmoja na haradali. Anayetaka kujaribu saag mjini hana haja ya kutafuta mbegu kutoka ng'ambo.

Kando ya sahani ya mkulima wa Punjab hukosi kipande cha gur, sukari ya miwa isiyosafishwa, akimegea mkate baada ya kula. Hiyo gur ndiyo sukari guru, au sukari nguru, inayochemshwa kutokana na miwa ya huko Awendo na Ndhiwa. Inasikitisha kwamba kwetu imechafuliwa jina na wapika chang'aa. Huko Punjab humpa mtoto kipande kama peremende.

Ukichunguza utagundua kwamba jikoni zetu zimekuwa zikizungumza hata tulipokuwa hatuketi pamoja. Tunaponunua dania na jira sokoni, tunapokata kachumbari, tunapofungua chupa ya achari, tunatumia maneno yaliyovuka bahari. Hata embe huitwa amb kwa Kipunjabi.

Ndengu za siku ya kawaida

Mkate peke yake haushibishi nyumba. Mwenzake wa kila siku ni dal, yaani mchuzi wa kamande, ndengu au jamii nyingine ya kunde. Wataalamu wa lishe husisitiza kwamba nafaka na jamii ya kunde zikiliwa pamoja, protini zake hukamilishana, kwa kuwa kile kilichopungua katika moja hupatikana katika nyingine. Ni habari njema kwa nyumba ambayo nyama huingia mara moja kwa wiki.

Loweka kikombe kimoja cha ndengu usiku kucha. Zichemshe kwa vikombe vinne vya maji, manjano robo kijiko cha chai na chumvi, hadi zilainike. Ziponde kidogo kwa mwiko. Katika kikaango kingine pasha vijiko viwili vya samli au mafuta, utie jira nusu kijiko. Zikianza kulialia, tia kitunguu, saumu na tangawizi. Vikibadilika rangi ongeza nyanya mbili. Zikiiva, mwaga vyote juu ya ndengu, zikiwa bado zinachemka, na unyunyize dania. Samli hii kidogo inayotiwa mwisho ndiyo inayoleta harufu na ladha, kwa hivyo huhitaji nyingi.

Mstari mmoja

Msomaji, nimekusimulia juu ya ngazi ya mlango wa nyuma. Sasa nikusimulie juu ya sakafu.

Zaidi ya miaka 500 iliyopita, huko huko Punjab, Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Masingasinga, aliyeishi kati ya 1469 na 1539, alianzisha desturi iitwayo langar. Ni jiko la hekalu linalomlisha kila anayefika, bila malipo na bila kuulizwa dini, kabila wala cheo. Kwa desturi watu wote huketi chini kwa mstari mmoja, tajiri kando ya maskini, wakala chakula kile kile cha kawaida: roti, dal na mboga. Katika barabara ya Nairobi hadi Mombasa, pale Makindu, liko hekalu la mwaka wa 1926 lililojengwa na Masingasinga wa reli, na msafiri yeyote hukaribishwa kula.

Babu alipita pale miaka michache kabla ya kufariki, akiwa safarini kwenda Mombasa kwa mwanawe. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Binamu yangu aliyeandamana naye alituambia kwamba mzee alipewa roti ya moto mkononi na kijana wa Kisingasinga aliyekuwa akizungusha kapu. Babu hakuila papo hapo. Aliigeuza, akaitazama upande wa chini, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Huyu alikanda vizuri," alisema. Kisha akala, na alipoletewa kapu kwa mara ya pili akachukua nyingine.

Kila nikikumbuka habari hiyo huwaza kwamba ile ngazi haikuwa sheria ya mkate wala mafundisho ya waliouleta. Ilikuwa tabia ya watu na ya nyakati, na tabia yaweza kubadilishwa na yeyote mwenye jiko na mlango.

Kwa hivyo, msomaji, acha kuingoja Krismasi. Parotha za mama ziendelee kuwa za sikukuu, kwani zimestahili heshima hiyo. Lakini wiki hii nunua pakiti moja ya unga wa ata na kikombe cha ndengu, uwaite watoto wakusaidie kusukuma, wavulana kwa wasichana. Za kwanza zitatoka na umbo la ramani ya Afrika, na hakuna ubaya. Zikiwa tayari zifunge kwa kitambaa, halafu umbishie mlango jirani ambaye hujawahi kujua sufuria yake ina nini.

Akikuuliza kuna sherehe gani, jibu unalo.